Gari Lililopona Lenyewe

Sura ya Saba

Kituoni walimwita Kobe. Hakukasirika, maana alisema bado hajaona kobe aliyekamatwa kwa kosa la mwendo kasi. Alikuwa inspekta wa umri wa kuitwa mama na karibu kila askari pale, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: jalada lililokwisha kufungwa, yeye alilifungua tena kabla halijatoka mlangoni.

Jalada la asubuhi hiyo lilikuwa limefungwa barabara. Mkuu wa kituo alilisukuma kwa kidole kimoja mpaka likafika upande wake wa meza.

"Saa tisa alasiri linakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Jaribio la kuua. Pitisha macho, weka sahihi."

"Na nikikuta tundu?"

"Usikute."

Kobe alisoma akiwa amesimama. Juzi mchana, gari la Mzee Rula lilishika moto likipanda kilima cha hospitali. Mzee huyo alikuwa mpima ardhi mstaafu, na jina la Rula alilipata kazini, kwa sababu ukuta wa jirani ukipinda, aliyekosa usingizi alikuwa yeye. Gari lilikuwa jeupe, la zamani, na alilipenda kiasi kwamba mke wake alikwisha choka kulionea wivu. Siku hiyo mke alikuwa akimsindikiza kupimwa macho. Wapita njia waliuzima moto kwa mchanga. Mzee alitoka salama, lakini mkewe alivunjika mguu katika kuhangaika kutoka, akalazwa katika hospitali ileile waliyokuwa wakiiendea.

Mtuhumiwa alikuwa mpwa wa mzee, mtoto wa dada yake, fundi wa magari. Asubuhi ya safari alionekana akichomoa kijiti cha kupimia oili. Baada ya moto, kijiti hicho kilikutwa nje ya tundu lake, na oili ilikuwa imerukia bomba la moshi likiwa la moto. Tena, mbele ya familia nzima, fundi huyo aliwahi kumwambia mjomba wake: "Gari hili nitalizima mwenyewe kabla halijawazima ninyi."

"Nani aliyefungua mashtaka?"

"Mjomba mtu."

"Basi leo tuna kazi," Kobe alisema, akaweka jalada kwapani bila kutia sahihi. Mkuu wa kituo aliangalia saa ya ukutani, akapiga mwayo wa mtu aliyejua kwamba chakula chake cha mchana kitaharibika.

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na pingu. Vidole vyake vilikuwa na ule weusi wa oili usiotoka kwa sabuni wala kwa toba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umekula?"

"Sijisikii kula."

"Sikukuuliza unajisikiaje." Alimsogezea mkate na chai, akangoja mpaka fundi akamega. "Asubuhi ile uligusa nini kwenye gari la mjomba wako?"

"Nilitazama oili. Ilikuwa sawa. Nikarudisha kijiti."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka kikagota. Mama, mimi kijiti kile nakirudisha tangu sijaota ndevu."

"Kisha?"

"Kisha nikatikisa vali ya kupumulia."

Hilo halikuwamo kwenye jalada. Kobe aliinua macho. "Nieleze kama mtu asiyejua magari. Usione haya, ndivyo nilivyo."

Fundi alikaa sawa kwa mara ya kwanza. Alisema kuwa injini ikifanya kazi, moshi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni, ukashuka mpaka tumboni kwenye oili. Usipopata pa kutokea, tumbo linajaa. Kwa hiyo juu ya injini huwekwa vali ndogo, PCV, isiyozidi kidole gumba, inayouachia moshi huo unyonywe kwa mpira na kurudi kuungua pamoja na mafuta.

"Ndani yake kuna kipini kinachocheza," alisema. "Ukiitikisa ikalia, nzima. Isipolia, imeganda."

"Ya mjomba wako?"

"Ililia. Hata mimi nilishangaa. Mwezi uliopita ilikuwa imechakaa kabisa, imeganda ikiwa wazi, oili inanyonywa nayo, gari linatoa moshi wa buluu kama linafukuza mbu. Nikamwambia mjomba tuibadilishe. Akanifukuza na mimi."

"Kwa nini akatae kubadilisha kitu cha ukubwa wa kidole?"

"Kwenye gari lile, kwa mjomba hakuna kitu kidogo. Macho yake yamepungua, sote tunajua. Tulikaa kikao tukamwambia, moshi ukionekana tena, ufunguo unawekwa kabatini. Tangu hapo, ukimtajia spana anaona unamnyang'anya gari."

"Ni kwenye kikao hicho uliposema utalizima?"

Fundi aliuweka mkate chini. "Nilisema. Nilikuwa na hofu, mama. Mke wa mjomba ndiye aliyenilea mimi. Ndiye anayekaa kiti cha pembeni mle ndani."

Kobe alimsogezea mkate tena. "Ulipoitikisa ile vali, uliitoa kwenye mpira wake?"

"Hapana. Mpira umekauka, ukiuvuta unapasuka. Niliitoa kwenye kofia ya injini tu, nikatikisa vyote pamoja."

"Ikalia vipi?"

Fundi aligonga meza kwa ncha ya kucha: ko, ko, ko. Halafu akasita, akaigonga tena, polepole zaidi, na uso wake ukaonyesha kwamba sauti hiyo sasa haikumridhisha hata yeye.

Gari lilikuwa nyuma ya kituo, chini ya turubai. Mkaguzi wa magari wa polisi alikuwa ameegemea mlango wake, mtu mwembamba aliyeongea huku akitembea na kutembea huku akila. Yeye walimwita Chapchap, na hilo pia halikuhitaji maelezo.

"Afande Kobe. Nimesikia unangoja kesi yangu ioze."

"Naitazama tu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka?"

"Hiyo naijua, usinimalizie." Akafunua turubai.

Moto ulikuwa umekula rangi ya boneti na nyaya za plagi upande wa bomba la moshi. Upande wa pili, mipira na vali vilikuwa vizima. Chapchap alikwisha tia nyaya nyingine na oili, kwa sababu hakuweza kuona injini imelala bila kuiamsha. Kobe aliomba kijiti. Aliletewa ndani ya mfuko wa vielelezo, akakizungusha kwenye mwanga. Pete yake ya juu, ile inayoshikwa kwa kidole, ilikuwa imelowa oili sawasawa na ncha yake.

"Mtu akichomoa kijiti akakiweka kando," Kobe aliuliza, "oili itafikaje kwenye pete?"

"Imerukiwa."

"Kutokea wapi?"

Chapchap aliinamia injini. Juu ya tundu la kijiti, chini ya boneti, palikuwa na doa moja la mviringo. Pengine pote pakavu.

"Kimerushwa," alisema taratibu, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. "Kimetoka kwa kishindo kikagonga hapa juu. Lakini, Afande, tumbo la injini likijaa upepo, kosa ni la vali. Vali nimeitikisa mwenyewe. Inalia."

"Ukiwa umeitoa kwenye mpira?"

"Mpira ule ukiushika unapasuka."

Kobe alichukua mfuko mwingine wa vielelezo. Ndani mlikuwa na kitu kidogo kilichozungushiwa gazeti.

"Hiyo nimeikuta kwenye kisanduku cha fundi," Chapchap alisema. "Vali mpya, ya gari hilihili. Nikafikiri alitaka kubadilisha aibe ya zamani."

"Nani anaiba vali iliyochakaa na kuacha mpya?"

"Nilikuwa na haraka," Chapchap alikiri.

Kobe alifungua gazeti, akaitazama vali ile ikiwa imepakwa mafuta isishike kutu, imefungwa kama zawadi. Mtu aliyekusudia kuliua gari alikuwa amelinunulia dawa, akaiweka akingoja mgonjwa akubali. Sasa Kobe aliamini kwamba fundi hakuwa na hatia. Lakini kuamini hakuandikwi kwenye jalada, na saa zilikuwa zinakwenda.

Hospitalini, mke wa Mzee Rula alikuwa amelala chali, mguu umefungwa plasta na kuinuliwa juu ya mito. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, ambaye hata maumivu aliyasimulia kama habari za jirani.

"Kama umekuja kuniambia mwanangu ameungama, rudi ulikotoka," alisema.

"Nimekuja kuuliza mguu."

"Mguu kauvunja mlango. Ule mlango wa upande wangu una ujanja wake, lazima uuinue kwanza ndipo ufunguke. Siku ya moto nani anakumbuka kuinua? Nikapita dirishani, na mwili huu." Akacheka, akaguna kwa maumivu. "Miaka yote namwambia mzee, mlango huu, mlango huu. Ananijibu gari halina shida."

"Ulimwona mpwa wako akikirudisha kijiti?"

Kicheko kikakatika. "Nilimwona akikichomoa. Kisha nikaingia ndani kutafuta mkoba. Nilimwambia yule askari ukweli, sikujua kama nusu yake itamfunga mtu." Macho yakamlowa, na hakuyaficha. "Mzee yuko hivi, mwanangu, akishaona mstari haoni kingine. Amemwona yule kijana kwenye boneti, basi, mstari umechorwa."

"Ulipokwenda kutafuta mkoba, gari lilikuwa limewashwa?"

"Linanguruma. Mzee haliwashi na kuondoka. Lazima lipashe moto kwanza, na mimi nikachelewa, mkoba ulikuwa kitandani naukalia na kuutafuta."

"Kabla ya siku hiyo lilikuwa likitoa moshi."

"Mbona sana. Wa buluu. Kisha likaacha."

"Nani alilitengeneza?"

"Hakuna. Lilipona lenyewe. Mzee alifurahi siku ile, alinitoa nje nitazame bomba. 'Unaona moshi?' Nikasema sioni. 'Basi ufunguo unabaki kwangu.' Tukawa tunaenda nalo sokoni tu, hapo tambarare, halina tatizo. Kilima ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu lipone."

Kobe alimshukuru, akamwekea vizuri shuka miguuni. Kwenye ngazi alisimama muda mrefu, watu wakampita kushoto na kulia. Mafua hupona yenyewe. Hakuwahi kusikia vali iliyochakaa ikafanya hivyo.

Mzee Rula alimpokea nje ya nyumba, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Mahali pa kuegesha gari palikuwa pa saruji, pamesafishwa mpaka mtu angeweza kupanga vyombo.

"Mwisho uliosha lini hapa, mzee?"

"Asubuhi ya safari, kabla ya kuliwasha. Tangu siku ile sina sababu ya kupaosha."

Kobe alichutama. Hapakuwa na tone moja la oili. Gari lilikuwa limesimama hapa likinguruma wakati mke akitafuta mkoba. Kama kijiti kingekuwa nje, oili ingeanza kurukaruka papo hapo. Kijiti kilikuwa ndani wakati gari linatoka.

"Huyo fundi amekiri?" Mzee aliuliza.

"Mpwa wako?"

"Huyo fundi."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Kobe alielewa kuwa mzee naye hakuwa analala. Alikuwa na mke hospitali na mtoto wa dada yake mahabusu, na ndani ya nyumba hapakusikika hata redio.

Alipoinuka, Kobe aliona toroli limeegemezwa ukutani, limejaa majani yaliyofyekwa. Alilishika mikono, akalisukuma hatua chache, kama mtu anayetaka tu kusaidia. Gurudumu liliyumba kushoto, likalia, likayumba kulia.

"Limeharibika," Mzee alisema haraka.

"Naona. Beringi." Akaliegesha palepale lilipokuwa, kwa uangalifu. "Mzee, nakuomba twende wote kituoni. Kuna jaribio nataka ulione kwa macho yako."

"Macho yangu hayana kasoro."

"Ndiyo maana nakuomba."

Walikusanyika nyuma ya kituo: Kobe, Chapchap, Mzee Rula, na fundi akiwa katikati ya askari wawili. Mkuu wa kituo alikuwa dirishani kwake, saa mkononi. Mjomba na mpwa hawakutazamana. Fundi alisema shikamoo akiitazama ardhi, na mzee aliipokea kwa kukohoa.

"Kijiti kirudishwe," Kobe alisema. "Kigote. Mzee, hakikisha."

Mzee Rula alikisukuma kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali.

"Washa."

Injini iliitika kwa mara ya pili. Chapchap alifungua kifuniko cha kutilia oili, akaweka karatasi juu ya tundu. Karatasi ilipeperushwa ikaanguka chini. Akaiweka tena, ikaruka tena.

"Tumbo limejaa," fundi alisema kabla hajaulizwa. "Halipumui."

"Ziba. Kanyaga mafuta, polepole, kama unapanda kilima."

Chapchap aliziba kifuniko, akakanyaga. Muda ukapita. Injini iliunguruma, na hakuna kilichotokea, mpaka Kobe akaona askari mmoja anatabasamu pembeni. Kisha kijiti kikacheza. Kikainuka kidogo tu, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Kikainuka tena. Mzee Rula aliinama kukitazama, na Kobe akamvuta bega nyuma, maana sekunde hiyohiyo kiliruka kikagonga boneti, na oili ikatapakaa pembeni.

"Zima!"

Injini ikanyamaza. Ndani ya ule ukimya, kwenye mpira wa vali, kitu kikaanguka: ko.

Fundi aligeuka kabla ya wote. "Hicho si kipini cha vali," alisema. "Kipini ni chepesi. Hicho ni chuma."

"Chapchap," Kobe alisema. "Vuta mpira."

"Utapasuka."

"Upasuke."

Ulipasuka. Chapchap aliukinga kwa kiganja, na kutoka ndani ikadondoka gololi moja ya chuma, kama zile za ndani ya beringi, iliyong'aa kwa oili. Akaipeleka kwenye mdomo wa bomba ambalo mpira ulikuwa umevalishwa, akaiegesha pale. Ilikaa sawasawa na kuziba.

"Injini ikiwaka inainyonya mpaka hapa, njia inazibwa," alisema. "Ikizimwa, inaanguka. Ukitikisa, inalia. Mimi na fundi tumesikia gololi hii tukasema vali nzima." Akaishika vali ya zamani peke yake, akaitikisa karibu na sikio. Haikulia hata kidogo.

Kobe alimgeukia Mzee Rula. Hakupaza sauti.

"Mzee wangu, toroli lako linayumba tangu lini?"

Mzee alitazama gololi. Alimtazama mpwa wake, pingu, na boneti iliyoungua. Mtu aliyepima mashamba ya watu maisha yake yote hakuhitaji kuonyeshwa mstari huu unatoka wapi na unaishia wapi.

"Moshi uliacha," alisema. "Niliuvua mpira kwa subira, nikaitumbukiza ile, moshi ukaacha siku hiyohiyo. Nilijua nimeliponya. Mlisema likitoa moshi mtachukua ufunguo."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," Chapchap alinong'ona, na mara moja akajuta.

"Muache," Kobe alisema.

Mzee hakuwa anamsikiliza yeyote. "Nimemvunja mguu mke wangu. Na nimemfunga mtoto wa dada yangu kwa kazi ya mkono wangu mwenyewe. Naona aibu. Sijui niiweke wapi aibu hii."

Hapo mkuu wa kituo alikuwa amekwisha shuka. Alisimama nyuma ya Kobe, akamchomolea jalada kwapani, akaitazama gololi kwenye kiganja cha Chapchap kwa muda.

"Kwa hiyo tundu ulilikuta," alisema.

"Lilikuwa limezibwa," Kobe alijibu. "Naomba huyu kijana afunguliwe. Hawezi kushika spana na pingu."

"Spana ya nini tena?"

"Nimeonyesha kwamba gololi ilirusha kijiti. Sijaonyesha kwamba bila gololi kijiti hakiruki. Nusu ya ukweli imekwisha kumfunga mtu mmoja leo."

Pingu zikafunguliwa. Fundi alisugua viganja, akasogea kwenye injini, na tangu hapo hakuna aliyemwelekeza. Aliitoa raba kuukuu ambamo vali hukaa, kwa bisibisi, kidogokidogo, akiwa amekinga kitambaa kisianguke kipande ndani. Akasafisha tundu lake. Chapchap alileta raba mpya na mpira mpya kutoka stoo yake, akaupima, akaukata. Kobe mwenyewe alifungua gazeti, akampa fundi vali aliyoinunua na kuificha.

Fundi hakuivalisha mara moja. Aliinua mkono mpaka kwenye sikio la Mzee Rula, akaitikisa. Ililia kwa sauti nyepesi, ya haraka.

"Unasikia, mjomba? Nzima inalia hivi."

"Nasikia."

"Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza, ungeibadilisha."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuuliza," mzee alisema, na Chapchap akageuka pembeni kuficha kicheko.

Vali ikasukumwa kwenye raba mpya mpaka ikakaa. Mpira ukavalishwa ncha zote mbili, klipu zikabanwa. Kijiti kikafutwa, kikarudishwa, kikagota. Fundi akawasha. Mwanzoni injini ilitetemeka, kisha ikatulia, ikanguruma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Chapchap alifungua kifuniko cha oili, akaweka ile karatasi iliyochafuka. Safari hii haikuruka. Ilivutwa chini ikang'ang'ania tundu, na alipojaribu kuibandua kwa kucha ikawa kama inamkatalia. Akakanyaga mafuta kama mara ya kwanza, akakanyaga na kukanyaga. Kijiti hakikutikisika.

Fundi aliitazama ile karatasi, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza siku hiyo, na Kobe alifurahi waziwazi, akampiga begani.

"Jalada?" aliuliza.

Mkuu wa kituo alilitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. "Jalada gani?" Akaanza kupanda ngazi. "Chakula changu kimepoa."

"Bado kilima," Kobe alisema.

"Kilima gani, Afande?"

"Moto ulitokea kilimani. Jaribio linaishia kilimani. Juu pale, nadhani, kuna hospitali."

Mkuu wa kituo hakugeuka, ila alipunga mkono wa kuruhusu, au wa kuchoka. Kobe aliuhesabu kuwa ni ruhusa, akaketi kiti cha nyuma.

Mzee Rula, kwa mazoea, alikwenda moja kwa moja mlango wa dereva. Aliushika. Akakaa pale ameushika, akiitazama barabara kwa macho yaliyofinywa, mbali, mahali ambapo wengine waliona ubao wa kituo na yeye pengine aliona weupe tu. Kisha akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, ule ambao kikao chote hakikujua kwamba upo, akaunyoosha juu ya paa.

"Shika, mjomba," alimwambia mpwa wake.

Ndivyo alivyomwita tangu kijana akiwa mtoto, mjomba kwa mjomba. Fundi alipokea kwa mikono miwili, akaenda kuketi kwenye usukani.

Mzee alizunguka mbele ya gari, akafika upande wa mke wake. Akavuta mlango. Haukufunguka. Akavuta tena kwa nguvu, mguu akiukaza chini. Mlango ukalia, ukabaki palepale.

"Mama yenu alikuwa anaufunguaje huu?"

"Anauinua kwanza," fundi alisema kutoka kiti cha dereva.

Mzee aliuinua. Ukafunguka bila kelele. Hakuingia. Alibaki amesimama ameushika kwa juu, akiuinua na kuushusha, akiuinua na kuushusha, kama anayepima kitu kizito.

"Hakuwahi kuniambia."

"Alikwambia, mjomba."

Mzee Rula alivua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni, akaanza kukunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi.

"Zima injini," alisema. "Lete bisibisi. Hatutamfuata na mlango huu."

Fundi aligeuka kumtazama Kobe aliyeketi nyuma, maana gari lilikuwa bado mali ya polisi na jaribio halijakwisha. Kobe alikuwa amekwisha egemea kiti, viatu amevua. Alisema yeye hana haraka.